Kwa nini mtoto wa miezi minane hulia ukitoka chumbani

Akiwa na miezi minne alikuwa hana shida na mtu. Mgeni akifika anampakata, mtoto anacheka, na waliopo wanamsifu kwa uchangamfu. Miezi minne baadaye yuleyule anaficha uso kwenye shingo ya mama mgeni akinyoosha mikono, na mama akiingia chumba cha pili tu, mtoto anaangua kilio kama cha msiba. Hapo maneno huanza. Mmoja atasema amedekezwa. Mwingine atasema amezoeshwa mikono. Wa tatu atashauri aachwe alie mpaka akome. Na nyumba ya jirani yupo mtoto wa umri huohuo ambaye mama yake akitoka hageuki, akirudi hamtazami, naye husifiwa kuwa mkakamavu asiyesumbua.

Mara nyingi lawama na sifa hizo zimekaa kinyume. Kilio cha miezi minane ni hatua ya ukuaji kama lilivyo jino la kwanza, na kinaonyesha kwamba kazi iliyofanywa tangu kuzaliwa imeshika. Ukimya wa yule wa pili unaweza kuwa hulka yake tu, na unaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ila tofauti hiyo haijulikani kwa kuhesabu machozi.

Mfungamano ni nini, na si nini

Wataalamu wa makuzi huzungumzia mfungamano wa kihisia. Ni mvuto unaomrudisha mtoto kwa mtu fulani pale anapoogopa, anapoumia, anapochoka au anapougua. Uzito wote uko kwenye "mtu fulani" na "pale anapoogopa". Mtoto anaweza kucheza kwa raha na watu kumi, lakini akijigonga kichwa hawatafuti wote kumi. Kwa hiyo ukitaka kujua amefungamana na nani, usiangalie anacheka na nani. Angalia akiumia anamkimbilia nani.

Mfungamano huchanganywa na upendo wa mzazi kwa mtoto, na hivi ni vitu viwili. Upendo wa mzazi hutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto. Kuna anayeusikia tangu mimba, kuna anayeusikia wiki kadhaa baada ya kujifungua, na huyo wa pili si mzazi mbaya. Mfungamano hutoka upande wa mtoto, na kwake hakuna njia ya mkato: unachukua miezi.

Hapa ndipo ulipozaliwa uvumi wa "saa za kwanza". Miaka ya 1970 madaktari Marshall Klaus na John Kennell wa Marekani walipendekeza kwamba muda mfupi baada ya kuzaa ni dirisha la pekee la kumuunganisha mama na mtoto. Pendekezo hilo lilisaidia hospitali kuacha kuwatenganisha mama na vichanga bila sababu, na hilo ni jema. Lakini tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba dirisha hilo likipita limefungwa. Kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kunamsaidia kutunza joto na kuanza kunyonya, kufanyike inapowezekana. Mama aliyekuwa chumba cha upasuaji, mtoto aliyekaa kwenye mashine ya joto wiki tatu, au familia iliyomwasili mtoto wa miezi mitano, hawajapoteza kitu kisichorudi. Kifaranga cha bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza anayetembea mbele yake, kama alivyoonyesha Konrad Lorenz. Binadamu hawi hivyo.

Wala damu haihusiki. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huenda ni kweli kwa upande wa mzazi. Mtoto hana kipimo cha nasaba. Anachokijua ni nani huja anapoita.

Kwani si yule anayemlisha?

Kwa muda mrefu jibu la wasomi lilikuwa hilo: mtoto humpenda anayemshibisha, basi. Mwaka 1958 Harry Harlow, mtafiti wa Marekani, alichapisha majaribio yaliyotikisa wazo hilo. Aliwalea nyani wachanga aina ya rhesus pamoja na "mama" bandia wawili, mmoja wa waya mtupu, mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Hata pale ambapo maziwa yalitoka kwa yule wa waya, wachanga walimwendea kunyonya tu kisha wakarudi kumkumbatia wa kitambaa kwa saa nyingi za siku. Walipotishwa na kitu kigeni walikimbilia kitambaa. (Majaribio hayo yalikuwa ya kikatili, na leo yangepata taabu sana kuruhusiwa.)

Kwa binadamu, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walifuatilia watoto 60 mjini Glasgow na kuchapisha matokeo mwaka 1964. Watoto hawakufungamana lazima na aliyewalisha au kuwabadilisha nepi. Walifungamana na aliyejibu ishara zao upesi na kucheza nao, hata kama mtu huyo alionekana kwa saa chache tu kwa siku. Baadhi yao mtu huyo alikuwa baba, bibi au mtu mwingine.

Jambo hili linawapunguzia mzigo wazazi wengi, hasa mama ambaye maziwa hayakutoka.

Mzunguko mdogo unaorudiwa mara elfu

Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Moyo ukienda mbio, pumzi ikikatika kwa kilio, homoni za msongo zikipanda, hana breki ya ndani ya kuvirudisha chini. Anaazima breki ya mtu mzima. Mambo huenda hivi: kitu kinamsumbua, anatoa ishara, mlezi anaiona, anakisia maana yake, anafanya jambo, mwili wa mtoto unatulia. Kisha yote yanaanza tena, usiku na mchana. Kila mzunguko ukikamilika ubongo unajifunza kitu kimoja kidogo: nikiita, kuna anayekuja, na akija napata nafuu.

Ni kama njia ya miguu kwenye majani. Haichimbwi na mtu siku moja. Inatokea kwa kupitwa. Kupita mara moja hakutengenezi njia, na kuacha kupita siku moja hakuifuti.

Ishara zenyewe si kilio tu. Kilio ndiyo ishara ya mwisho. Kabla yake mtoto mwenye njaa hugeuza kichwa akitafuta, hunyonya ngumi, huhangaika. Mwenye usingizi hukodoa macho pasipo kutazama kitu, hujisugua uso. Aliyechoka na mchezo hugeuza kichwa pembeni au kupinda mgongo. Ishara hiyo ya kugeuka ndiyo isomwayo vibaya kuliko zote. Mtu mzima akiona mtoto ameangalia pembeni hudhani amechoshwa, akazidisha vicheko, kelele na kumtikisatikisa, kumbe mtoto alikuwa anaomba sekunde chache apumue. Nyamaza, subiri atakaporudisha macho mwenyewe, ndipo uendelee.

Na lazima upatie mara ngapi? Swali hili huwanyima watu usingizi, na jibu lake ni la kupumzisha moyo. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza mazungumzo ya nyuso kati ya mama na vichanga, aliona kwamba hata wenye uhusiano mzuri huwa wameelewana kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki wanakosana na kusahihishana. Mtoto analia, unadhani ni njaa, unampa titi anakataa, unamweka begani, anacheua, ananyamaza. Umekosea kwanza, ukapatia baadaye. Kusahihisha huko ndiko kunakomfundisha kwamba shida ina mwisho. Mlezi asiyekosea hayupo, na angekuwepo angemnyima mtoto somo hilo.

Miezi inavyokwenda

Miezi miwili ya kwanza mtoto anakubali mkono wowote, ila si kwamba hajui kitu. Siku chache tu baada ya kuzaliwa anaipendelea sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine, na harufu yake vilevile. Macho yake yanaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka kifuani hadi usoni pa anayemnyonyesha. Tabasamu la kweli, lile linalojibu uso wa mtu na si la usingizini, huja kati ya wiki ya 6 na ya 8.

Kuanzia miezi mitatu hadi sita anaanza kubagua kwa upole. Anacheka zaidi na waliozoeleka, ananyamaza upesi mikononi mwao. Mgeni bado anakubalika. Ndicho kipindi kinachowadanganya watu kwamba mtoto huyu hana neno na yeyote.

Halafu, kati ya miezi sita na minane, mambo mawili yanakutana.

La kwanza ni kumbukumbu. Chukua kitu anachokipenda mtoto wa miezi mitano, kifunike kwa kitambaa mbele ya macho yake. Kwa kawaida hatakitafuta. Anakaa kama vile hakijawahi kuwepo. Rudia akiwa na miezi tisa: atavuta kitambaa. Jean Piaget wa Uswisi ndiye aliyelieleza jambo hili, kwamba mtoto hufikia kutambua kuwa kitu kipo hata kama hakionekani. Sasa hamisha fikra hiyo kwa mama. Akiwa na miezi minne, mama akitoka chumbani ametoka pia mawazoni. Akiwa na miezi minane anajua yupo mahali fulani, na mahali hapo si hapa. Lakini muda haujui bado. Hawezi kutofautisha mama aliyekwenda chooni na mama aliyesafiri. Kwa hiyo analia kwa nguvu ileile.

La pili ni kutambaa. Mtoto anayeweza kwenda anaweza kupotea, kuungua, kuanguka. Maumbile yakampa miguu na hatamu kwa wakati mmoja: anasogea mbali, lakini jicho liko nyuma. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1985, watoto wa miezi 12 waliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kana kwamba ina shimo katikati, mama akiwa upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto husoma hatari ya dunia usoni pa mtu wake.

Kwa hiyo kilio cha kuachwa huanza karibu miezi sita hadi minane, hupanda hadi kilele mahali fulani kati ya miezi 10 na 18, kisha hushuka taratibu kuelekea mwaka wa tatu. Kuogopa wageni ni jambo jirani lakini si lilelile: mtoto anaweza kumwogopa mgeni hata akiwa mapajani mwa mama. Mgeni mwerevu hamnyakui. Anakaa chini, anazungumza na mama, hamkodolei mtoto macho, anamwachia mtoto asogee mwenyewe. Mara nyingi dakika kumi zinatosha.

Bandari

Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala na kutazama vichanga vinavyolelewa. Alichokiona huko ndicho kilichoupa mwili wazo la John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, ambaye alikuwa akijenga nadharia ya mfungamano. Ainsworth aliona mtoto akimwacha mama, akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kutazama, akirudi kugusa goti la mama, akaondoka tena. Mama alikuwa kama bandari, chombo kinatoka kwa sababu kina pa kurudi.

Hilo linageuza imani ya kawaida juu chini. Tunadhani mtoto anayeshikiliwa sana hatajitegemea. Mtoto mwenye uhakika wa bandari ndiye anayethubutu kwenda mbali.

Baadaye, mjini Baltimore, Ainsworth alitengeneza kipimo ambacho bado kinatumika kwa watoto wa miezi 12 hadi 18. Kina sehemu nane na huchukua dakika kama 20. Mama na mtoto wanaingia chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mtu wasiyemjua. Mama anatoka, anarudi. Anatoka tena, safari hii mtoto anabaki peke yake. Mgeni anarudi kwanza, kisha mama. Kila kipande ni kama dakika tatu, na hukatishwa mtoto akizidiwa.

Wengi hudhani kinachopimwa ni kilio mama anapotoka. Kinachopimwa zaidi ni mama anaporudi.

Mtoto mwenye mfungamano salama huenda alilia, huenda hakulia. Mama akirudi anamwendea au anamsalimu kwa macho na tabasamu, anabembelezwa, anatulia, anarudi kucheza. Hawa ndio walio wengi. Mwenye mfungamano wa kung'ang'ania analia sana, anataka kubebwa, akibebwa anasukuma, hatulii. Amezoea majibu yanayokuja leo na kukosekana kesho, kwa hiyo hathubutu kushusha sauti. Mwenye mfungamano wa kukwepa hageuki mama akitoka na anaangalia pembeni akirudi. Huyu ndiye mkakamavu wetu wa mwanzo. Watafiti walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hii waliona moyo ukienda mbio kama wa wanaolia. Mtoto hakuwa ametulia. Alikuwa amejifunza kwamba kuonyesha shida hakuleti msaada, au kunaleta karipio. Aina ya nne iliongezwa baadaye na Mary Main na Judith Solomon: mfungamano uliovurugika. Mtoto anaanza kumwendea mama kisha anaganda njiani, au anakwenda kinyumenyume, au anajificha uso. Huonekana zaidi pale ambapo mtu wa kukimbiliwa ndiye huyohuyo wa kuogopwa, na mtoto anabaki hana pa kwenda.

Tafadhali usijaribu kipimo hiki sebuleni. Wanaokisoma hufunzwa kwa muda mrefu, na kinahitaji chumba kigeni. Mtoto aliyezoea kubaki na watu tofauti nyumbani kwao anaweza asijali ukitoka na akawa salama kabisa. Hulka nazo zinatofautiana: kuna mtoto wa moto na mtoto wa maji. Vilevile aina hizi si magonjwa, na zinahusu uhusiano wa mtoto na mtu mmoja. Mtoto huyohuyo anaweza kuwa salama kwa bibi na wa kukwepa kwa baba.

Je, haya ni mambo ya Wazungu? Mwaka 1988 Marinus van IJzendoorn na Pieter Kroonenberg walikusanya tafiti 32 kutoka nchi 8, karibu watoto 2,000. Kila nchi mfungamano salama ndio ulikuwa wa kawaida zaidi, na tofauti kati ya makundi ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa mara moja na nusu kuliko tofauti za nchi na nchi. Nchi hizo nane hazikuwa na hata moja ya Afrika, na upungufu huo ni wa haki kuutaja.

Kubeba, kulia na kudeka

Kichanga cha chini ya miezi sita hakina uwezo wa kupanga hila. Kulia ili "kukukomoa" kunahitaji kuwaza kile unachokiwaza wewe, na akili hiyo bado haijafika. Mwaka 1986 Urs Hunziker na Ronald Barr, wakiwa Kanada, waliwaomba kina mama kundi moja waongeze kuwabeba vichanga kwa angalau saa 3 kwa siku, hata mtoto akiwa ametulia. Wiki ya 6, ambayo ndiyo kilele cha kilio kwa vichanga wengi, waliobebwa zaidi walilia na kununa kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Mkono haukuzoesha kilio. Utafiti mwingine wa Barr ulionyesha hata hivyo kwamba kwa watoto ambao tayari wana kilio kisichotulizika, kuwabeba zaidi hakukuleta nafuu hiyo. Kwa hiyo anayembeba mtoto wa aina hiyo usiku kucha na bado analia hajakosea. Kilio hicho kwa kawaida hupungua chenyewe kati ya mwezi wa tatu na wa nne.

Wala haina maana kwamba kila mguno ukimbiliwe. Mtoto wa miezi kumi anayelalama dakika mbili akitafuta usingizi hajatelekezwa. Kinachojenga ni desturi ya majibu, si jibu moja. Na mlezi aliyefika mwisho wa uvumilivu afanye hivi: amlaze mtoto chali mahali salama, afunge mlango, atoke kwa dakika tano hadi kumi, apumue, aombe mtu amsaidie, kisha arudi. Kumtikisa mtoto kwa hasira hata sekunde chache kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa na kumuua au kumpa ulemavu wa kudumu. Dakika kumi za kilio hazivunji mfungamano.

Kinachouvunja hasa

Cha kwanza ni uso usiojibu. Jaribio maarufu la Tronick la mwaka 1978 lilimtaka mama anayecheza na mtoto aukaushe uso ghafla kwa dakika chache, asiongee, asitabasamu. Mtoto alijaribu kumwamsha kwa tabasamu na mikono, akishindwa akageuka pembeni, akanywea. Mama alipoendelea na mchezo waliweza kurudiana. Tatizo ni pale uso unapokauka kwa wiki na miezi, na hali inayosababisha hivyo mara nyingi ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, baada ya kujifungua. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo inayoongoza. Si uvivu wala kukosa mapenzi. Inatibika, na kumtibu mama ni sehemu ya kumlea mtoto. Wakati tiba inaendelea, mtu mwingine anayecheza na mtoto kila siku ni ngao kubwa.

Cha pili ni kubadilisha walezi bila kikomo. Mwaka 2000 watafiti waliingia kwenye vituo vya watoto mjini Bucharest, Romania, walikokuwa watoto walioshiba na kuvikwa lakini hawana mtu wao, kwa kuwa wahudumu walipishana kwa zamu. Watoto 136, wa miezi 6 hadi 31, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakabaki katika utaratibu uliokuwepo. Waliokwenda kwa familia walijenga mifungamano bora zaidi, hasa walioingia kabla ya miezi 24. Hata waliochelewa walipata nafuu, ila si kwa kiwango hicho.

Kwenda kazini hakumo kwenye orodha hii. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1990, uliofuatilia watoto zaidi ya 1,000, haukuona kwamba kulelewa na mtu mwingine mchana kunaharibu mfungamano kwa mama. Hatari iliongezeka pale mama mwenyewe alipokuwa hajibu ishara na wakati huohuo malezi ya mchana yakawa duni, marefu au ya kubadilishwabadilishwa. Hofu kwamba "atampenda yaya kuliko mimi" haina mguu. Watoto wengi wa Glasgow walikuwa na mfungamano na zaidi ya mtu mmoja walipofika miezi 18. Mtoto huwapanga watu wake kwa daraja, na kumpata wa pili hakumfuti wa kwanza. Ila kumfukuza yaya leo na kumleta mwingine kesho, mara nne kwa mwaka, mtoto huhesabu jambo hilo kama misiba minne.

Kumkabidhi kwa mlezi mpya

Kama una uhuru wa kuchagua, epuka kuanza katikati ya kilele cha kilio. Kama huna, jipe wiki moja hadi mbili. Siku tatu za mwanzo kaeni wote watatu kwa saa moja hivi. Mlezi mpya ndiye alishe na kubadilisha nepi, wewe ukiwa kando, ili mtoto asome usoni mwako kwamba huyu ni mtu salama. Kisha toka dakika 15. Kesho nusu saa. Halafu saa mbili.

Usitoroke. Kuchungulia mtoto akiwa amegeuka ukachomoka kunakuokoa na kilio cha leo, lakini kunamfundisha kwamba unaweza kuyeyuka wakati wowote, kwa hiyo kesho hakuachii hata kwenda bafuni. Aga kwa maneno yaleyale kila siku, kwa ufupi, kisha uondoke kweli. Kurudi mlangoni mara tatu kumbembeleza ni kumwambia kwamba hata wewe una wasiwasi na mahali hapo. Mwachie kitambaa chenye harufu yako ashike akiwa macho. Ila kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kisikae alipolala, kinaweza kumziba pumzi.

Ukirudi anaweza kuangua kilio upya ingawa mlezi anaapa alishinda akicheza. Mlezi hasemi uongo. Mtoto aliweka mzigo wake mpaka alipomwona wa kumtulia. Kinachotakiwa kukutia shaka ni mtoto ambaye baada ya wiki kadhaa bado hatulizwi na mlezi mchana kutwa, hali vizuri, hachezi.

Dalili nyingine zinazostahili kumwona mtaalamu wa afya ya mtoto: hajatabasamu kwa nyuso akiwa na miezi mitatu; amepita mwaka na akiumia hamtafuti mtu yeyote; au anamfuata mgeni yeyote bila kusita wala kugeuka kutazama nyuma. Chanzo kinaweza kuwa masikio, macho au jambo lingine la makuzi. Na wenye usonji hufungamana vilevile, ingawa ishara zao zinaweza kuwa tofauti na tulizozizoea.

Ukimya uliosifiwa hospitalini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa muda mfupi sana. James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alikaa wodini akitazama. Siku za kwanza mtoto wa mwaka mmoja au miwili alilia, akatikisa kitanda, akaita. Baadaye akanyong'onyea, akalia kidogo, akakaa kwa huzuni. Ikiendelea kwa muda mrefu, siku moja akaanza kula, akawatabasamia wauguzi, na mama alipokuja akamtazama kama mpita njia. Wodi ilisema amezoea. Robertson alisema mtoto amekata tamaa na mama yake. Baada ya muda na ubishi mwingi, hospitali zilianza kuwaruhusu wazazi kukaa na watoto wao.

Mzazi anayerudi kutoka safari ya wiki mbili na kukuta mtoto anamgeuzia uso anashuhudia kipande cha jambo hilohilo. Hajasahauliwa. Asilazimishe kumbatio, asikasirike. Akae karibu, arudishe ratiba ya kawaida ya kuoga, kula na kulala. Kwa kawaida kinachofuata ni siku kadhaa za mtoto kumganda kila aendako, hadi mlangoni mwa choo, na kulia usiku.

Kufikia miaka mitatu hivi, kamba hii inapata urefu mpya. Mtoto ana maneno, ana picha ya mtu wake kichwani, na ameanza kuelewa kwamba mwenzake naye ana mipango. Ukimwambia "nitarudi ukishaamka," anaweza kuisubiri sentensi hiyo. Halii tena kwanza. Anasimama mlangoni na kuanza kujadiliana: unakwenda wapi, na nani, na utaniletea nini.